Kulinda makochi na viti vya kitambaa visipauke kwa jua la dirishani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu wa nyumba zetu za Afrika Mashariki huuliza mara kwa mara wanapoona kochi la bei kubwa limeanza kuchujuka upande mmoja. Majibu yamezingatia jua la ukanda wa ikweta, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa uliandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, ambako jua hupita angani kwa namna tofauti kabisa na hapa.

Kwa nini kochi lililo karibu na dirisha hupauka, ilhali la ukuta wa pili linabaki na rangi yake?

Rangi ya kitambaa hutokana na molekuli zinazofyonza sehemu fulani ya mwanga na kuurudisha uliobaki machoni petu. Molekuli hizo zikipigwa na mwanga wenye nguvu, viungo vya kikemikali vinavyozishikilia hukatika, na kazi hiyo hukamilishwa na oksijeni iliyomo hewani pamoja na unyevunyevu. Molekuli iliyovunjika haifyonzi tena mwanga kama ilivyokuwa ikifyonza, na hapo ndipo jicho linapoona weupe mahali palipokuwa na wekundu au buluu iliyokolea. Joto huharakisha mabadiliko hayo, na unyevu pia, ndiyo maana katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kitambaa hushambuliwa kwa njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Jambo la kushika ni kwamba madhara haya hujumlishwa. Saa moja ya leo huongezwa juu ya saa moja ya jana, na kitambaa hakipumziki wala kupona usiku unapoingia. Kwa hiyo jua la nusu saa tu kila asubuhi, ambalo hakuna anayelijali kwa kuwa ni jua laini, kwa mwaka mzima huwa ni zaidi ya saa 180 za jua la moja kwa moja.

Je, kioo cha dirisha hakizuii mionzi yenye madhara?

Kinazuia sehemu ndogo tu. Kioo cheupe cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno (UV, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho) yenye mawimbi mafupi, ile inayobabua ngozi ya binadamu. Lakini urujuanimno wa mawimbi marefu zaidi, yaani ule ulio kati ya nanomita 320 na 400, hupita kwa kiasi kikubwa, na mwanga unaoonekana kwa macho hupita karibu wote. Mtu anaweza kukaa nyuma ya kioo asiungue, na kochi alilokalia likaendelea kupauka.

Kuna kioo cha aina nyingine, kile kinachotengenezwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Hicho huzuia takriban asilimia 99 ya urujuanimno, kwa sababu ya ule utando. Anayejenga au anayebadilisha madirisha ya sebule anaweza kukifikiria, ingawa bei yake iko juu na wengi huwa wanakitaka kwa sababu za usalama.

Nikizuia urujuanimno wote, kochi litakuwa salama?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea kwa sababu wauzaji wa bidhaa mbalimbali huutaja urujuanimno kana kwamba ndiye adui pekee. Mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa ule wa upande wa buluu na zambarau, nao huvunja rangi nyingi. Majumba ya makumbusho yanalijua hilo vizuri: hata baada ya kuchuja urujuanimno wote, vitambaa vya thamani huwekwa chini ya mwanga usiozidi luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwangaza unaofika juu ya kitu), ambao ni hafifu kiasi kwamba mgeni huhitaji muda kidogo ili macho yake yauzoee.

Sasa linganisha na sebule. Jua la moja kwa moja la nje linaweza kufikia luksi 100,000. Tuseme baada ya kupita kwenye kioo na kwa kuwa limeinama, kwenye mkono wa kochi zinafika luksi 50,000. Saa moja ya mwanga huo ni sawa na saa 1,000 za mwanga wa makumbusho, yaani zaidi ya miezi minne kwa jumba linalowasha taa saa nane kwa siku. Hakuna utando wala dawa itakayofuta hesabu hiyo. Hatua ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kuhakikisha jua la moja kwa moja haliligusi kochi. Mengine yote huja baada ya hapo.

Dirisha lipi ni la kuogopwa zaidi katika nyumba zetu?

Vitabu vya Ulaya na Marekani humwambia msomaji aogope dirisha la kusini. Ushauri huo haufai hapa. Karibu na ikweta jua la utosi husimama juu sana angani, na hata paa lenye ukingo wa wastani hulizuia lisiingie ndani. Jua linaloingia hadi katikati ya sebule ni la asubuhi kupitia dirisha la mashariki na la alasiri kupitia dirisha la magharibi, kwa sababu nyakati hizo liko chini, na hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia. Kati ya hayo mawili, dirisha la magharibi ni baya zaidi kwa maoni yangu: mwanga wake huingia wakati nyumba imekwisha kupata joto la mchana kutwa, na kitambaa hupigwa na mwanga na joto kwa pamoja.

Madirisha ya kaskazini na ya kusini hupokezana kwa majira. Dar es Salaam, jua la mchana hupita upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, jua huwa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni huko Dar es Salaam jua la saa sita mchana huwa na kimo cha nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na Desemba huwa nyuzi 73 kwa upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini la jijini humo hupokea jua jingi zaidi wakati wa kipupwe, msimu ambao watu huliona jua kuwa ni neema na kuyaacha mapazia wazi.

Mwinuko nao una sehemu yake. Urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo wakazi wa Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali wasidanganywe na ubaridi wa hewa. Mawingu mepesi pia hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Na wale wenye nyumba zinazotazama ufuo wakumbuke kwamba mchanga mkavu hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya urujuanimno unaoupiga, hivyo mwanga huingia ndani hata kutoka chini.

Nitajuaje mahali hasa jua linapofika ndani ya chumba?

Piga picha za sebule kwa simu kila baada ya saa mbili katika siku moja isiyo na mawingu, kisha rudia kazi hiyo mwezi Juni, Septemba na Desemba. Jua huchomoza kwa tofauti ya nyuzi 47 hivi kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo kiti kilichokuwa kivulini mwezi wa kuhamia nyumba kinaweza kuwa ndani ya jua miezi sita baadaye. Wengi hupanga samani mara moja tu, kisha hushangaa.

Ni mapazia ya aina gani yanayosaidia kweli?

Pazia la neti peke yake hupunguza ukali wa mwanga lakini halizuii jua la moja kwa moja. Linafaa kama tabaka la kwanza, la kuwa wazi mchana pale ambapo jua halijafika. Kinachofanya kazi ni pazia zito lenye bitana. Bitana iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, na itazame kioo, ili irudishe mwanga na joto badala ya kuvinyonya. Bitana ndiyo itakayochakaa kwanza kwa kuwa ndiyo inayopigwa na jua kila siku, na hilo ni jambo jema: kubadilisha bitana baada ya miaka michache ni rahisi kuliko kubadilisha pazia lenyewe, na ni rahisi zaidi kuliko kulivalisha kochi upya. Mwambie fundi wa mapazia aishone kwa namna ya kuweza kufumuliwa bila kuharibu kitambaa cha mbele.

Upana una maana kuliko watu wanavyodhani. Pazia linaloishia sawasawa na ukingo wa dirisha huacha mwanya pembeni, na mwanya wa sentimita 5 hutosha kuchora mstari mweupe mgongoni mwa kochi. Fimbo ya pazia izidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na kwenye dirisha la magharibi ifungwe juu zaidi au ifunikwe kwa kisanduku cha mbao ili mwanga usipenye kwa juu.

Mapazia ya vibao, yale yanayozungushwa kwa kamba, ni mazuri kwa mtu anayetaka mwanga bila jua. Vibao vikiinamishwa ili ukingo wa ndani uwe juu, jua hurushwa kuelekea dari na chumba kikabaki na mwanga wa kusomea, huku kochi likiwa salama. Kinachohitajika ni mtu wa kuvigeuza kwa wakati. Katika nyumba ambayo watu hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, ni afadhali kufunga mapazia ya mashariki tangu usiku na kufunga ya magharibi kabla ya kutoka.

Je, kivuli cha nje kina faida kuliko pazia?

Ndiyo, na ningependa kila anayejenga alifikirie jambo hili kabla ya kununua pazia lolote. Pazia hukutana na jua likiwa tayari limeshapita kioo, na joto lake limo ndani. Kivuli cha nje hulizuia lisifike kwenye kioo. Wazee wa pwani walijenga kwa kulielewa jua hili: kuta nene, mabaraza yenye paa, na madirisha ya mbao yenye vibao vilivyoinamishwa vinavyopitisha upepo na kuzuia miale.

Kwa dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 huko Dar es Salaam, ukingo wa paa unaotokeza kiasi cha sentimita 87 kutoka usawa wa juu wa dirisha hulifunika lote kwa jua la saa sita mchana mwezi Juni. Kwa Nairobi sentimita 70 hivi hutosha. Kwa dirisha la mashariki au magharibi hesabu hiyo haisaidii, na pale panahitajika kitu cha wima: mti, ukuta wa matofali yenye matundu, turubai la kukunjwa, au hata neti ya kivuli inayotumiwa na wakulima wa mboga, ikiwambwa kwenye fremu umbali mdogo kutoka ukutani. Mwarobaini au mwembe uliopandwa upande wa magharibi kwa umbali usiohatarisha msingi wa nyumba hufanya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Vipi kuhusu plastiki ya kubandika kwenye kioo?

Tinti nzuri ya nyumba inaweza kuzuia hadi asilimia 99 ya urujuanimno, na zipo ambazo ni angavu kabisa hivi kwamba huwezi kuziona kwa macho. Weusi wa tinti hauoneshi uwezo wake dhidi ya urujuanimno. Tinti nyeusi ya bei nafuu inaweza kupunguza mwanga unaoonekana na kuacha mionzi mingine ipite, kisha ikageuka zambarau na kutoa mapovu. Mwombe muuzaji karatasi ya mtengenezaji inayoonesha mambo matatu: asilimia ya urujuanimno inayozuiwa, asilimia ya mwanga unaopita, na kiasi cha joto kinachozuiwa. Asiyekuwa nayo, usinunue kwake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Tinti inayofyonza joto jingi huifanya sehemu ya kioo ipate moto kuliko sehemu iliyo kivulini, na kioo kinaweza kupasuka, hasa kioo chenye waya ndani, kioo cha tabaka mbili, au kioo ambacho kingo zake zilikatwa vibaya. Fundi akague kioo kwanza. Na kama ilivyoelezwa hapo juu, tinti angavu hupunguza kasi ya kupauka lakini haikomeshi, kwa sababu mwanga unaoonekana bado unaingia.

Nichague kitambaa gani kwa kochi litakalokaa karibu na dirisha?

Hili ndilo swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya mengine yote, kwa kuwa hakuna hatua iliyo rahisi kama kuchagua vizuri mwanzoni. Hariri ndiyo dhaifu kuliko zote: mbali na kupauka, nyuzi zake hukauka na kukatika zenyewe. Pamba, kitani na viskosi hupoteza rangi na nguvu kwa pamoja, ingawa si haraka kama hariri. Nailoni ni imara kwa msuguano lakini jua huidhoofisha. Poliesta hustahimili vizuri nyuma ya kioo, na akriliki ndiyo hutumiwa sana kwa vitambaa vya nje, vya miavuli na viti vya bustani.

Namna ya kutia rangi ina uzito kuliko hata aina ya uzi. Zipo poliesta na akriliki ambazo rangi yake huchanganywa katika rojo kabla ya nyuzi kuvutwa, hivyo rangi imo hadi kiini cha uzi, na hivyo ndivyo vitambaa vinavyodumu zaidi. Baada ya hivyo huja vile vilivyofumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kufumwa. Vilivyochapishwa maua juu ya kitambaa cheupe huonesha madhara mapema, kwani rangi imekaa juu tu na weupe wa chini hujitokeza; tena rangi za ua moja hazipauki kwa mwendo mmoja, kwa hiyo wekundu hutoweka na majani yakabaki.

Viwanda hupima uimara wa rangi dhidi ya mwanga kwa kulinganisha kitambaa na vipande vya sufu ya buluu vyenye madaraja kuanzia 1 hadi 8, kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 105-B02. Kila daraja huhitaji takriban mara mbili ya mwanga wa lile lililo chini yake ili lipauke kwa kiasi kilekile. Kwa sebule ya kawaida ningekubali daraja la 5, na karibu na dirisha nisingeshuka chini ya 6. Taarifa hiyo mara nyingi huwa kwenye kitabu cha sampuli cha mtengenezaji.

Katika maduka mengi ya Keko jijini Dar es Salaam, au Gikomba na kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, kitabu hicho hakipo, lakini kipimo cha nyumbani kipo. Omba kipande kidogo cha kitambaa, funika nusu yake kwa karatasi ya foili, kibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua kali zaidi, na ukiache kwa wiki sita. Ukitoa foili ukaona mpaka kati ya nusu hizo mbili, tafuta kitambaa kingine. Fundi atakayekasirika kwa kusubirishwa wiki sita anaweza kuanza na fremu ya mbao na sponji.

Ngozi na reksini je?

Ngozi halisi hupauka, kisha hukauka na kupasuka kwenye mikunjo; mafuta ya ngozi hupunguza ukavu lakini hayazuii mwanga. Reksini na ngozi nyingine za bandia hupoteza ulaini wao kwa joto, zikawa ngumu na kuchanika, na zile za poliyurethani (aina ya plastiki) hubambuka maganda katika joto lenye unyevu hata zisipopigwa na jua. Kwa nyumba ya pwani yenye dirisha la magharibi, nisingeshauri mojawapo ya hizo za bandia.

Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi vinasaidia?

Vinasaidia mahali vilipo, na hapo ndipo tatizo lake. Katika nyumba nyingi za Kenya vitambaa hivi hukaa mahali pamoja kwa miaka, na siku vinapoondolewa kochi huonekana lina mabaka yaliyokolea yenye umbo la kitambaa, tena kama kilifumwa kwa matundu, jua huchora na matundu yake. Ukivipenda, viwe vizito au viwe na bitana, na vihamishwe mara kwa mara. Kava zima linalofunika kochi lote ni bora kwa sebule isiyotumika mchana, kwa sababu hupauka lenyewe badala ya kochi, na hufuliwa.

Kugeuza mito kuna faida gani?

Hakupunguzi mwanga, hugawa tu madhara yawe sawasawa ili jicho lisiyaone upesi. Mito yenye zipu inayolingana pande zote igeuzwe kila mwezi na kubadilishana nafasi, ya dirishani iende upande wa ndani. Lakini mikono na mgongo wa kochi havigeuki, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu makochi yenyewe yabadilishane mahali kama nafasi inaruhusu.

Dawa za kupuliza kwenye kitambaa zinazuia kupauka?

Nyingi hutengenezwa kwa ajili ya madoa. Zile zinazodai kuzuia urujuanimno huweka tabaka jembamba ambalo huondoka kwa kukaliwa na kusafishwa, na haziwezi kuzuia mwanga unaoonekana. Fedha hiyo itumike kwenye bitana.

Mimi ni mpangaji na siruhusiwi kubadilisha dirisha. Nifanye nini?

Anza kwa kusogeza kochi. Mwanga wa kawaida wa anga, ule usio jua lenyewe, hupungua sana kadiri unavyokwenda mbali na dirisha, hivyo hatua mbili tu kutoka kwenye kioo huleta tofauti kubwa. Jua la moja kwa moja halipungui ukali kwa umbali huo, kwa hiyo lazima uangalie doa lake linapotua na uliepuke. Karibu na kioo weka vitu visivyojali jua: meza ya kioo, viti vya ukili, au mimea ya vyungu. Pazia lenye bitana utahama nalo.

Nitajuaje kwamba ni jua na si kitu kingine?

Fungua mkunjo wa mshono, au inua mto uangalie kitambaa cha chini yake. Ikiwa mle ndani rangi ni ileile ya mwanzo na nje imepauka kwa upande unaotazama dirisha, ni mwanga. Weusi au umanjano kwenye mikono na mahali pa kuegemeza kichwa kwa kawaida ni jasho na mafuta ya nywele, na husafishika. Mabaka meupe yenye kingo kali, mbali na dirisha, mara nyingi ni jiki au sabuni kali iliyotumiwa kuondoa doa.

Kochi limeshapauka. Naweza kurudisha rangi?

Haiwezekani kuirudisha rangi ile, kwa kuwa molekuli zake zimekwisha kuvunjika. Kava za pamba au kitani zinazovuliwa zinaweza kutiwa rangi upya, zikiwa nzima na kwa rangi iliyokoza kuliko ya awali, lakini kitambaa kilichogongomelewa kwenye fremu hakitiwi rangi vizuri, na rangi hiyo huweza kuchafua nguo za wanaokaa. Kabla ya kuamua lolote, vuta kitambaa kwa vidole mahali palipopauka zaidi. Kikitoa sauti ya kuchanika au nyuzi zikiachana, jua limekula nguvu yake pia na hakuna rangi itakayokifaa.

Ukilivalisha upya, nunua mita mbili au tatu za ziada kutoka jora lilelile, kwa sababu jora la pili la rangi hiyohiyo mara nyingi hutofautiana kidogo. Hifadhi ziada hiyo kabatini, gizani. Mto mmoja ukiharibika mwaka wa kwanza utashonewa kitambaa kinacholingana. Ukiharibika mwaka wa tano, kitambaa cha kabatini kitakuwa kimekolea kuliko kochi, na hapo mwambie fundi avalishe mito yote ya upande huo kwa pamoja, au achukue kitambaa cha mgongo wa kochi unaotazama ukuta akitumie mbele, na kile kipya akiweke nyuma.